Suruali Nzima Haina Marekebisho

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu naijua. Mtu akiniletea suruali, ujue ina sababu ya kuletwa: imepasuka makalioni, zipu imekufa, au mwenyewe amenenepa tangu sikukuu na hataki kuambiwa. Hajawahi kutokea mteja akaniwekea mezani suruali nzima, inamkaa vizuri, pasi imenyooka, akasema: “Fundi, ifumue yote, uishone upya, lakini ibaki vilevile.” Akitokea, nitamwita jirani wa kibanda cha pili aje tumtazame vizuri machoni.

Sasa binti yangu ameingia kidato cha kwanza, na kila jioni suruali za namna hiyo anakuja nazo kumi. Juu ya daftari kumeandikwa: “Rewrite the following sentences without changing the meaning.” Andika upya bila kubadilisha maana. Nikamuuliza, hizi sentensi zina makosa? Hazina, Baba. Aliyeziandika hajaeleweka? Ameeleweka. Sasa tunazifumua za nini?

“Mwalimu kasema.”

Namba moja niliitambua hata miwani sijavaa. “Juma is too short to touch the ceiling.” Huyu Juma nimesoma naye! Nilimwacha shuleni miaka ya 1990 akiwa hafikii dari. Nimeoa, nimezaa, nimeota mvi, nimerudi namkuta palepale, hajaongeza hata inchi moja. Na kazi ni ileile ya enzi zetu: toa “too”, tia “so” na “that”, Juma awe mfupi kiasi kwamba hawezi kugusa dari. Haya, tumefumua, tumeshona. Juma karefuka? Miaka yote hiyo hakuna aliyewaza kumpa stuli.

Namba mbili ndiyo iliyonichefua. Zilikuwa sentensi mbili, mtoto anaumwa na mtoto kaja shule, uziunganishe kwa “although”. Binti akaandika: “Although he was sick, but he came to school.” Nikaisoma, nikaona mshono umenyooka, nikampa baraka zangu zote. Kesho yake karudi na mkasi mwekundu umepita juu ya “but”. Eti ukishaweka “although”, “but” haruhusiwi kukanyaga.

Jamani. Kwetu “ingawa” na “lakini” wanaongozana kama sindano na uzi. Bila hao wawili mimi nisingekuwa na biashara. “Dada yangu, ingawa nilikwambia Ijumaa, lakini umeme ulikatika.” Hiyo “lakini” ndiyo inayombembeleza mteja. Itoe uone kama hajadai kitambaa chake. Halafu hao hao wanaokataza wawili wasikae pamoja, ukigeuza ukurasa wana “no sooner”, ambaye asipofuatana na “than” umekosa, na “hardly” ambaye anamtaka “when”. Ukiwabadilishia wenzi, alama zimekwenda. Yaani nyumba hii ndoa ni haramu, nyumba ya pili ndoa ni lazima, na mtaa ni mmoja.

Nyakati nazo. Kitenzi cha kazi yangu ni kukata, nikategemea hapo nitang'ara. Kumbe leo ni “cut”, jana ni “cut”, na umeshakata ni “cut”. Sasa fundi ataishi vipi na lugha hiyo? Mimi mteja akipiga simu namwambia “nimeshakata”, anatulia, anakata simu, wakati kitambaa chake bado kimo mfukoni vilevile alivyokileta. Hiyo “mesha” imenilipia ada za shule. Kwa Kiingereza nitamwambia “I cut”, ataniuliza lini, na hapo ndipo tutagombana.

Kuna jioni nyingine alipewa insha fupi kuhusu mzazi. Akaandika: “My mother is a cook. He wakes up early.” Mimi sikuona tatizo, kwetu yeye ni yeye, awe mama, awe baba, awe mwenye nyumba. Kosa langu ni kumtafsiria mama yake. Mama watoto alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini taratibu.

“Nimezaa watatu, na daftari linaniita mwanamume?”

Binti alifuta ile “he” mpaka karatasi ikatoboka. Nilishona kwa selotepu.

Lakini mateso yenyewe yako kwenye alama. Nukta naijua, koma naijua. Ritifaa nilikuwa najua inaishi ndani ya ng'ombe. Na ng'ambo. Ina kazi moja, na kazi hiyo ina maana: ukiitoa, ng'oa inakuwa ngoa, umemtuma mtu ang'oe magugu, kumbe unamzungumzia wivu. Kwa Kiingereza imepewa vibarua viwili. Mahali pengine inafunika herufi iliyoliwa, ndiyo “don't”. Mahali pengine ni hati ya kumiliki: “John's” ni ya John. Nikasema sawa, nimeelewa. Binti akasema, bado, Baba. “It's” yenye ritifaa haimiliki chochote, ni “it is” iliyofupishwa. Inayomiliki ni “its” isiyo nayo. Yaani mwenye mali hana hati, na asiye na mali anatembea nayo mfukoni. Nimeona kesi za viwanja za namna hiyo.

Tangu siku hiyo mtoto anatembea anaitafuta ritifaa kama polisi wa barabarani. Akasimama mbele ya kibanda changu, akainua uso kwenye kibao: LADIE'S AND GENT'S TAILOR.

“Baba, hapa umeandika unamshonea mwanamume mmoja tu. Na mwanamke mmoja, anaitwa Ladie.”

Miaka 12 kibao kiko pale. Wanawake wamekuja na vitenge vya harusi, vya kitchen party, vya msiba, hakuna hata mmoja aliyeuliza Ladie ni nani. Nikamwendea mchora vibao. Wakati ule alinitoza shilingi 500 kwa herufi, na ritifaa alisema ni ofa. Sasa kuzisogeza nyuma ya “s” anasema lazima apake rangi kibao kizima, maana ofa haisogezwi. Nimemwacha Ladie abaki, mteja ni mteja.

Ningekuwa nimeshazidharau alama zote, isipokuwa kwamba zimenitia hasara kwa Kiswahili changu mwenyewe. Mwezi uliopita kodi ilichelewa, nikamwandikia mwenye nyumba ujumbe kwa simu, mkono mmoja uko kwenye cherehani: “Sitakuja kesho nitakutumia hela”. Mimi nilimaanisha sitakuja kesho. Nitakutumia hela, siku ambayo Mungu atajalia. Yeye kasoma: Sitakuja. Kesho nitakutumia hela. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi kabisha hodi, simu mkononi, ananionyesha maandishi yangu kama hati ya mahakama. Nikasema mzee, ile nukta iko baada ya kesho. Akasema nukta ipi, nionyeshe. Nikatafuta. Tukatafuta wote. Nililipa nusu ya kodi kwa ajili ya nukta.

Kwa hiyo mwezi huu sikukubali. Nilimkalisha binti, nikamwambia nataka ujumbe ambao hata jaji hatauvunja. Akaniandikia, akanisomea, akanieleza kwamba koma ni kupumzika kidogo, nukta ni kusimama kabisa, na katikati yao kuna mtu mmoja anaitwa nukta mkato, wa heshima sana, hatumiwi ovyo. Nikasema huyo huyo, mtie. Mzee ni mtu wa heshima.

“Shikamoo, mzee. Sitakuja kesho; hela nitakutumia.”

Nikautuma. Nikashona mkono mzima wa shati bila wasiwasi, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Mara simu ikaita, mwenyewe.

“Marahaba, fundi. Ujumbe wako nimeupata, nimeuelewa vizuri sana. Ila hii nukta yenye mkia, ndiyo tarehe ngapi?”