Vitone vya njano: printa inapoisaini karatasi yako bila kukuuliza

Printa nyingi za leza za rangi huacha ujumbe wa siri katika kila ukurasa zinaouchapa. Ujumbe huo ni vitone vya njano, vyembamba kiasi kwamba juu ya karatasi nyeupe jicho halivioni. Ila ukiumulika ukurasa kwa taa ya buluu na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, vinajitokeza vikiwa vyeusi. Mwaka 2005 taasisi ya Marekani ya Electronic Frontier Foundation ilifumbua mpangilio wa vitone vya mashine za Xerox DocuColor: gridi ya 15 kwa 8, inayorudiwarudiwa ukurasa mzima, ambayo ndani yake mna tarehe na saa ya kuchapa pamoja na namba ya mashine.

Sababu ya kuviweka haikuwa ya kipuuzi. Mashine za kunakili kwa rangi zilipoanza kuenea, serikali zilihofia kwamba mtu yeyote angeweza kutengeneza noti bandia ofisini kwake, na watengenezaji walihitaji kuwatuliza wakubwa hao ili bidhaa yao iruhusiwe sokoni. Noti bandia inayotaja mashine iliyoizaa huwapa wapelelezi pa kuanzia, na kwa hilo sioni wa kulalamika isipokuwa mwenye kuzichapa.

Tatizo ni kwamba printa haibagui noti na barua. Mwaka 2017 chombo cha habari cha The Intercept kilichapisha waraka wa siri wa shirika la ujasusi la NSA, na wataalamu walioukagua wakavisoma vitone vilivyobaki katika nakala yake: Mei 9, saa 12:20 asubuhi. Reality Winner, aliyeuvujisha, alihukumiwa mwaka uliofuata kifungo cha miaka 5 na miezi 3. Wengi walihitimisha kwamba vitone ndivyo vilivyomponza, lakini maelezo ya FBI mahakamani yalitaja njia ya kawaida kabisa: kumbukumbu za ndani zilionyesha watu 6 tu walioichapa ripoti ile, na mmoja wao alikuwa amewasiliana na chombo hicho kwa baruapepe. Hapo hoja ya usalama inapungua nguvu, kwa kuwa ofisi yenye kumbukumbu nzuri haikuvihitaji vitone hivyo.

Isitoshe, vitone huitaja printa, si mtu. Kwetu, ambako watu wengi hupeleka faili steshenari wakiwa na flashi mkononi, alama hiyo ingemfikisha mpelelezi kwa mwenye duka, ambaye huenda hakumbuki hata sura ya mteja wa jana, na yeye ndiye angeanza kujieleza. Mhalifu aliyejipanga naye ana pa kupenyea: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dresden, Ujerumani, walitoa programu inayoongeza vitone vingine ili vile vya awali visisomeke. Anayebaki kunaswa kwa urahisi ni yule asiyejua kwamba vipo.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka alama hizi zifutwe kabisa, wala siukubali ukimya wa watengenezaji. Mashine inaweza kutambua mchoro wa noti na kukataa kuunakili, jambo ambalo nyingi tayari hufanya, bila kuweka kumbukumbu ya barua ya mtu. Wakishikilia kwamba vitone lazima vibaki, basi waliandike hilo katika kijitabu cha maelekezo, pale pale wanapoeleza namna ya kubadili wino.