Asilimia 98 Sahihi, Lakini Wapi?

Yananiudhi yale mabango kwenye milango ya kliniki za Kampala: "Kipimo chetu ni sahihi kwa asilimia 98." Tarakimu hiyo peke yake haimwambii mgonjwa chochote. Chukua mahali ambapo watu 2 kati ya 100 wana ugonjwa. Ukiandika "hana ugonjwa" kwenye kila karatasi ya majibu bila kumtoboa mtu kidole, umeshafikisha asilimia 98, na wagonjwa wote wamekuponyoka.

Tupewe hesabu mbili, kila moja peke yake: kati ya wagonjwa, kipimo kimewakamata wangapi? Kati ya wazima, kimewaachia wangapi, yaani kusema hawana ugonjwa? Kisha tujue ugonjwa umeenea kiasi gani hapo tunapopimia. Hapa ndipo hata wenye makoti meupe wanapojikwaa.

Tuseme kipimo cha malaria kinakamata wagonjwa 95 kati ya 100 na kuwaachia wazima 95 kati ya 100. Kipeleke eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, kwa watu 1,000 wenye homa, na tuseme 400 wana malaria kweli. Utapata majibu chanya 380 ya kweli na 30 ya uongo. Aliyeambiwa ana malaria, karibu hakika anayo. Sasa kipeleke Kabale kwenye baridi, watu 1,000 wenye homa, wa malaria wakiwa 20 tu. Chanya za kweli 19, za uongo 49! Boksi ni lile lile, lakini zaidi ya theluthi mbili ya wanaomeza dawa hawana malaria. Huenda mtoto ana nimonia, na hakuna anayeitafuta tena.

Vipimo vya haraka vinavyotafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, vina tatizo jingine: protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita akishikwa na mafua, mstari wa pili, ule wa chanya, unaweza kutokea bado. Kabla ya kumtoboa, muulize mama tarehe ya dozi ya mwisho. Ikiwa ni ya karibuni, damu iende kwenye darubini.

Haya, nakubali, darubini nayo hukosea. Vimelea vikiwa vichache, macho yaliyochoka huvipita, na kwa kuwa darubini ndiyo hakimu, kipimo cha haraka kilichoviona kinahesabiwa kosa lisilo lake.

Na anayejisifu kuwa alipima wagonjwa 30 akawapata wote 30, asiandike asilimia 100. Kwa idadi ndogo hivyo, uwezo halisi unaweza kuwa hata asilimia 88. Atuoneshe jedwali la miraba minne: wagonjwa waliokamatwa, wagonjwa waliokoswa, wazima walioachiwa, wazima waliosingiziwa. Na aandike waliopimwa walitoka wapi, maana kulinganisha mahututi wa wodini na wanafunzi wenye afya tele ni kukirahisishia kipimo mtihani.