Vidonge vya tezi dume na picha ya MRI: je, mtu aviache kwanza?

Wazee wengi wa Mombasa wanaotumwa kupiga MRI ya tezi dume huwa tayari wako kwenye dawa. Mkojo ulianza kuwasumbua zamani: kuamka usiku mara tatu, mara nne, kusimama chooni ukingoja. Daktari akawaambia tezi imetanuka tu, akaandika vidonge. PSA, kile kipimo cha damu kinachoweza kuashiria saratani ya tezi, inapokuja kupanda, ndipo picha inapoagizwa. Na hapo ubishi huanza: vidonge hivi haviifichi saratani? Mtu asiviache kwanza?

Kabla ya kujibu, tutenganishe dawa. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu ili mkojo upite, basi. Haipunguzi PSA wala ukubwa wa tezi. Finasteridi na dutasteridi kazi yake ni nyingine. Hizi huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa ile homoni kali zaidi inayoikuza tezi. Tezi husinyaa, mara nyingi kwa thuluthi moja au pungufu, na PSA hushuka kwa takriban nusu ndani ya miezi 6 hadi 12. Hata ile finasteridi ya miligramu 1 wanayomeza vijana kwa ajili ya upara huishusha PSA, na wengi wao hawaihesabu kuwa dawa kamwe.

Wanaosema dawa inaficha wana hoja. Kwenye MRI saratani hujitokeza kwa sababu chembe zake zimesongamana, maji hayapiti vizuri kati yake, na sehemu hiyo ikaonekana tofauti na nyama nzima, isiyo na ugonjwa, iliyo jirani. Nyama nzima nayo ikisinyaa kwa dawa, tofauti hiyo hupungua. Tena uvimbe wenyewe unaweza kunywea. Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa 2015 liliwafuatilia wanaume 42 wenye saratani isiyo kali. Baada ya miezi sita, uvimbe ulioonekana kwenye MRI ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 36 kwa waliopewa dutasteridi. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 12. Basi doa lililostahili kumshtua msomaji wa picha linaweza kupita kama jambo dogo.

Upande wa pili nao hauko mikono mitupu. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililoandikisha wanaume karibu 19,000. Waliomeza finasteridi walipata saratani chache kwa takriban robo, lakini zile kali zilikuwa nyingi kidogo kwao: asilimia 6.4 dhidi ya 5.1. Watu wakaogopa, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru onyo liwekwe. Ufuatiliaji wa miaka mingi haukuonyesha vifo zaidi. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba tezi ikiwa ndogo, sindano ya biopsi, ile inayochukua vipande vya nyama vikapimwe, hulipata doa kwa urahisi zaidi. Yaani dawa ilisaidia kufichua. Kwenye picha pia, yale mafundo yasiyo saratani yanayojaa katikati ya tezi na kumchanganya msomaji hupungua. Tafiti kadhaa zilizolinganisha MRI na biopsi kwa wanaotumia dawa na wasiotumia hazikuona tofauti kubwa.

Kwa maoni yangu picha inalaumiwa kupita kiasi. Mahali dawa inapoleta balaa hasa ni kwenye hesabu inayoandamana na picha. Doa likiwa la wastani, si la kutisha wala la kupuuzwa, madaktari wengi hugawanya PSA kwa ujazo wa tezi, na ikifika 0.15 hufikiria biopsi. Tuseme mzee alikuwa na PSA 8 na tezi ya mililita 50: anapata 0.16. Akimeza dawa mwaka mzima, PSA inakuwa 4 na tezi mililita 40. Sasa ni 0.10, anaambiwa nenda nyumbani. Na daktari akikumbuka kuizidisha PSA mara mbili lakini akatumia tezi iliyokwisha sinyaa, anapata 0.20 na kumtia mzee hofu kubwa kuliko inayomstahili. Mtu yuleyule, tezi ileile, majibu matatu.

Uchunguzi wa Marekani wa 2019, uliowahusu maveterani 80,875 wenye saratani ya tezi dume, unaonyesha gharama ya kusahau hesabu hii. Waliokuwa kwenye dawa hizi waligunduliwa takriban miaka 3.6 tangu PSA yao, ikishasahihishwa kwa kuzidishwa mara mbili, ivuke kiwango. Wengine ilikuwa miaka 1.4. Walipogunduliwa ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali zaidi, na vifo vilikuwa vingi zaidi. Kosa lilikuwa kwenye hesabu, si kwenye picha.

Kuacha dawa wiki mbili tatu kabla ya picha, basi, ni kazi bure. Dutasteridi hukaa mwilini kwa miezi. Finasteridi hutoka upesi, lakini tezi huchukua miezi kurudi ilivyokuwa. Kinachoweza kurudi mapema ni ile shida ya mkojo, na mzee aliyezibwa mkojo usiku wa manane Likoni, kivuko kikiwa mbele yake, hatakushukuru.

Kinachohitajika ni maneno machache kwenye fomu ya kuomba MRI: dawa gani, tangu lini, PSA ilikuwa ngapi kabla. Mtu huulizwa kuhusu chuma mwilini, betri ya moyo na figo. Vidonge vya mkojo mara nyingi hakuna anayeviuliza. Na akiulizwa atasema nini? Duka la dawa lilimkatia vidonge kumi kutoka kwenye karatasi yake ya bati, na jina likabaki kwenye kipande cha dukani. Mwingine atasema kwa yakini anatumia tamsulosini tu, kumbe kapsuli yake ina tamsulosini na dutasteridi pamoja. Mwingine atakuelezea kidonge cha buluu, na hapo itabidi umuulize vizuri, kwa maana buluu ziko za kazi mbalimbali. Dawa za miti za soko la Marikiti nazo zitajwe, kwani yaliyomo hayajulikani.

Na kwa aliye kwenye dawa tayari bila PSA ya mwanzo, namba ya kushika ni ile ya chini kabisa aliyowahi kufika. Ikianza kupanda kutoka hapo, na kipimo cha pili kikathibitisha, huku vidonge anavimeza kila siku, MRI safi isitumiwe kuufunga mjadala wa biopsi. Akiwa anavimeza siku moja na kuviruka tatu, aulizwe hilo kwanza.