Waya ya mukuba inakatikia ku atomu: tuamini hesabu ya zamani ao mashini yenye kujifunza?

Kamata kipande ya waya ya mukuba, kunja, nyoosha, kunja tena. Mwanzo iko laini, kisha pale unakunjia panakuwa nguvu, vidole vinasikia kabisa, halafu tak, inakatika. Sisi ba Lubumbashi tunaona mukuba tangu utoto, lakini sababu ya ile kukatika iko mbali na vidole, iko mu mistari ya atomu yenye kuteleza na kukwamana, na kati ya atomu moja na jirani yake kuko karibu 0.26 nanometa. Kuunganisha ile ya chini kabisa na waya nzima njo kazi ngumu, na leo batu banabishana waifanye na nini.

Bale ba hesabu ya zamani beko na haki kubwa. Tangu wanafizikia Kohn na Sham batoe ekwasio zao mu 1965, tunaweza kutafuta nguvu kati ya atomu tukianzia ku elektroni, lakini ukiongeza atomu mara 2 kazi ya ordinatere inapanda karibu mara 8, na kufuata atomu zikitembea ni hatua ya femtosekunde (kipande kidogo sana ya sekunde) moja moja, kwa hiyo sekunde 1 inaomba hatua 10 kipeo 15, nani ataingoja? Njo maana banaweka atomu paka pale panakatika, kwingine banatandika wavu ya elementi kubwa, ni vipande vyenye kila kimoja kinasimamia atomu nyingi. Na ku wavu kuko kitu minapenda sana: ukiikaza, vipande vikuwe vidogo, kosa inashuka, na unajua inashuka kwa mwendo gani.

Upande wa mashini yenye kujifunza, mu 2007 watafiti Behler na Parrinello bakafundisha rezo ya neroni, ni programu ya ordinatere yenye kujifunza ku mifano, kuiga zile nguvu za kati ya atomu. Atomu mara 2, kazi mara 2 tu! Kwa mwanafunzi wa hapa mwenye laptop moja na umeme wa kukatika-katika, ile si kitu kidogo, inamufungulia mulango wenye ulikuwa wa bale benye mashini kubwa.

Lakini bismuti kidogo sana ikiingia mu mukuba inajikusanya ku mipaka ya punje (pale fuwele ndogo-ndogo za mukuba zinakutania), na mukuba yenye ilikuwa inakunjika vizuri inavunjika tu. Rezo yenye haiyaone bado ile mipaka itakupa namba vilevile, na desimali sita, bila kutetemeka. Hapo njo minaogopa.

Bale ba hesabu nao basijivune sana, kwani kipimo yao ya kosa inalinda ekwasio, haiangalie mukuba yenyewe, na hata ile ya Kohn na Sham banaitumia na kipande ya kukadiria ndani.

Mimi niko upande wa rezo, paka kwa masharti: fundisha rezo kadhaa pamoja, pale hazipatane rudi ku elektroni, kalkile upya, ongeza mu mafunzo. Mutu akinionyesha namba yake, ulizo yangu ya kwanza iko moja: rezo yako ilisha kuona mipaka ya punje ngapi?