Kodi ya kiwanja Malindi: tupime ardhi tu, au na jengo lililo juu yake?

Ukiingia kwenye duka moja la unga na mafuta huku Barani, Malindi, utaona leseni ya biashara ya kaunti imening'inizwa ukutani ndani ya fremu kama picha ya harusi, kioo kimeshika vumbi la unga. Mama mwenye duka humwonyesha yeyote anayemtajia kodi. "Mwanangu, mimi nishalipa." Na kweli kalipa. Ila leseni ni ruhusa ya kuuza. Kodi ya kiwanja, ile watu huita reti, ni jambo jingine. Kiswahili chetu nacho kinachangia kutuchanganya, maana kodi ni ile ya mwenye nyumba na kodi ni ile ya serikali.

Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inazipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya mali. Mthamini hupima viwanja, thamani zikaandikwa kwenye daftari, kisha kaunti ikatangaza asilimia yake. Tuseme kiwanja kimethaminiwa shilingi milioni 2 na kiwango ni asilimia 1: mwenyewe atalipa 20,000 kwa mwaka. Kwa desturi ya miji yetu kinachopimwa ni ardhi tupu. Ukiweka kibanda cha mabati au hoteli ya ghorofa nne, hesabu ni ileile.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wanaotaka jengo nalo lihesabiwe wana hoja nzito. Hoteli ya Barabara ya Lamu inazalisha taka za malori, inatumia barabara na taa za mji, na inaingiza fedha ambazo duka la jirani haliwezi kuziota. Sheria hata haiwazuii: zile za zamani tayari ziliruhusu kaunti kuongeza kodi ya jengo juu ya ile ya ardhi, kabla ya sheria ya kitaifa ya 2024 kuchukua nafasi yake. Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Kule kodi ya majengo ya biashara hukadiriwa kwa kodi ya pango ambayo jengo lingeweza kupata kwa mwaka, na kwa kawaida anayelipa ni anayelitumia, awe mwenyewe au mpangaji. Duka dogo la England, likiwa ndilo pekee la mfanyabiashara huyo na kukadiriwa chini ya pauni 12,000, husamehewa kabisa.

Mimi bado naegemea ardhi. Pita Casuarina uone viwanja vya karibu na bahari vilivyozungushiwa ukuta miaka nenda miaka rudi, ndani michongoma na mlinzi mmoja, wenyewe wakisubiri bei ipande. Kodi ya ardhi humbana huyo sawasawa na aliyejenga na kuajiri watu. Ukitoza jengo, unamwadhibu aliyemwaga saruji na kumwachia aliyelala. Kupima majengo pia ni kazi kubwa: mthamini aingie kila chumba, na kila ukuta mpya uwe ugomvi mpya. Ila haya yote yanasimama tu ikiwa daftari la thamani ni bichi. Daftari la zamani huthamini ufuo kana kwamba bado ni shamba la mnazi, na hapo mwenye kiwanja cha bahari hulipa pesa ya soda.

Kuna jambo la pwani ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Hapa nyumba na ardhi mara nyingi si za mtu mmoja. Mama wa Barani kajenga duka lake mwenyewe, lakini kiwanja si chake. Kila mwezi hulipa pango la kiwanja kwa mwenye ardhi, na risiti zake kazifunga kwa mpira ndani ya kopo la kahawa. Jina lake halimo kwenye daftari la kaunti. Tukihesabu jengo, nani ataandikiwa bili, yeye au mwenye ardhi? Tukibaki na ardhi, mwenye ardhi atampandishia yeye pango.

Na mwenye ardhi akiamua kutolipa, haionekani haraka. Huonekana siku ya kuuza, kwa kuwa bila cheti cha kuonyesha hana deni la kaunti kiwanja hakihamishwi. Deni la miaka hujitokeza hapo, mnunuzi akalikata kwenye bei. Mama hataitwa mezani. Atajua habari mwenye kiwanja mpya atakapobisha hodi dukani.