"Majeraha Madogo" kwa Nani?

Juzi jirani yangu hapa Wete alinionesha PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, ya mwanawe wa darasa la tatu, na katika sehemu ya daktari nikakuta maneno matano tu: "Majeraha madogo mgongoni, kitu butu." Anayetuhumiwa kumpiga anasema mtoto alianguka mkarafuuni, na kwa karatasi ile hakuna wa kumbishia.

Madogo kwa nani? Sheria ya Adhabu inapotenganisha dhara la kawaida na dhara kubwa, inaangalia matokeo kwa aliyeumizwa. Hilo ni swali jingine. Utabibu wa kisheria huanza na aina ya jeraha: kama ngozi imechubuka, imevilia damu, imepasuka kwa kugongwa, imekatwa na makali, au imechomwa kwa kina kinachozidi urefu wa tundu lenyewe. Baada ya hapo hutajwa mahali, ukubwa, umbo na kingo. Aliyeandika "madogo" ameruka yote hayo na kutoa hukumu ambayo hakuombwa.

Fimbo ya mviringo, henzirani kwa mfano, inaposhuka kwa kasi kwenye mnofu haiachi mstari mmoja. Huacha miwili iliyo sambamba, na katikati yake ngozi hubaki na rangi yake, kwa sababu damu husukumwa pembeni na mishipa midogo ya kando huvutwa hadi ikapasuka. Wengi wetu tuliosoma chuo cha Kurani tumeiona alama hiyo kwenye mapaja yetu wenyewe, tena tukaificha nyumbani tusije tukaongezewa. Tawi la mkarafuu laweza, kwa bahati mbaya, kuacha alama ya namna hiyo mara moja. Tawi linaloipanga mara nne mgongoni kwa mwelekeo mmoja, bila kugusa kiwiko wala goti, litakuwa na akili kuliko sisi tunaolichuma. Mtu akianguka huumia zaidi pale mfupa ulipo karibu na ngozi, yaani paji la uso, kidevu, viwiko, magoti na miundi. Na akiteleza kwenye shina, michubuko humwonesha alikoelekea, kwani ngozi iliyoburuzwa hujikusanya mwishoni mwa mburuzo. Mtoto huyu mgongo wake ulikuwa na mistari, na viwiko vyake vilikuwa vizima. Hayo yote yalionekana siku ile kwa macho, bila mashine wala maabara, na hayakuandikwa.

Barazani nako kila mzee ni bingwa wa kusoma umri wa jeraha kwa rangi: hili ni la jana, lile ni la wiki iliyopita. Utafiti wa Langlois na Gresham wa mwaka 1991 uliona kwamba umanjano haukujitokeza kabla ya kupita saa 18 tangu mtu aumie, na rangi nyingine haziaminiki sana kwa kuhesabia siku. Kwenye ngozi nyeusi hata wekundu waweza usionekane, ndiyo maana mkono unaotafuta uvimbe na maumivu ni muhimu kuliko jicho. Kichwani, rungu laweza kupasua ngozi kwa mstari ulionyooka kana kwamba ni kisu, na tofauti iko kwenye nyuzi za tishu zilizobaki zikiunganisha kingo mbili ndani ya jeraha. Likishashonwa, ushahidi huo umekwenda.

Najua foleni ni ndefu na nafasi kwenye fomu ni finyu. Nakubali pia, shingo upande, kwamba jeraha halitaji jina la mtu. Hata hivyo, Itifaki ya Istanbul, inayotumika kuchunguza mateso, ina ngazi tano za uhakika, kuanzia "hailingani" hadi "inathibitisha", na daktari akiandika "inalingana sana na kupigwa fimbo" hajamshtaki mtu yeyote. Asipoandika, muhali, ile haya ya kumkatalia jamaa, hupata njia: sheha ataita pande mbili, wazee watasema yamalizwe kifamilia, na karatasi tupu itakuwa shahidi wa suluhu hiyo.

Damu iliyovilia kwa ndani yaweza kujitokeza siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo nimemshauri mama yake arudi kesho, aombe mtoto apimwe upya na apigwe picha, na rula ya kuonesha ukubwa wa alama pichani aende nayo mwenyewe.