Kelele za barabara kwenye gari dogo: uvalishe bati au uanze na matairi?

Toka Buhongwa kuelekea Usagara na Misungwi ukiwa kwenye IST au Passo, vioo vimefungwa, spidi 80, utajikuta unapandisha redio huku aliyekaa nyuma anarudia swali mara mbili. Kwa hali hiyo Mwanza utapewa ushauri wa aina mbili. Fundi wa muziki wa magari atakwambia, "Bosi, tulivalishe gari zima": shiti za butili (mpira unaonata, wenye foili ya alumini juu) sakafuni, milangoni, kwenye buti mpaka paa. Fundi wa gereji atakwambia hizo ni pesa za kutupa, nunua matairi. Wote wawili wana ukweli, ila kila mmoja anazungumzia kelele yake, na mwenye gari asipojua kelele yake ni ipi ndiye anayeumia mfukoni.

Ipo kelele ya muungurumo, nzito, ile inayopiga kifuani unapopanda mitaa ya mlimani iliyosakafiwa mawe. Hiyo inatoka kwenye bodi lenyewe. Bati la gari dogo halifiki hata milimita moja kwa unene. Tairi likigonga, mtikisiko unapita kwenye shokapu na bushi, unaingia kwenye bodi, na kila bati pana lisilo na mikunjo linaitika kama ngozi ya ngoma. Kelele ya pili ni mvumo unaozaliwa pale mpira unapokutana na barabara, na nguvu yake kubwa iko karibu na hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Mvumo huu unasafiri hewani na kuingia kupitia bati la juu ya matairi, raba za milango zilizochoka na kila tundu lisilo na kizibo. Lami nyepesi, ya kokoto zilizoshindiliwa juu ya lami ya maji, inauongeza kuliko lami nzito. Gari likihama kutoka moja kwenda nyingine, sauti inabadilika papo hapo, spidi ikiwa ile ile.

Butili inatibu ile ya kwanza. Mpira wake unaonata unavutwa bati linapotikisika, foili ya alumini ya juu inaukazia, na mtikisiko unaishia kuwa joto kidogo tu. Sauti inayopita hewani haiizuii sana. Kwa hiyo mtu aliyevalisha gari lote butili na bado anasikia matairi yakivuma hana haja ya kushangaa.

Sasa hoja ya gereji, ambayo kwa maoni yetu ndiyo ya kuanzia. Magari mengi hapa yanatembelea matairi ya mtumba kutoka Japani. Tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi baada ya herufi DOT: 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo umekauka, na mpira mkavu unapiga kelele hata kama kashata zake (vinundu vya tairi vinavyogusa barabara) bado ni nene. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata kwenda mbele, halafu kurudi nyuma. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, tairi hilo litavuma, na mara nyingi chanzo ni shokapu iliyokufa au alaimenti iliyopotoka. Pima upepo kwa namba iliyo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Usikubali kipimo cha macho. Bering nayo ina dalili yake: ukiwa spidi 60 mahali pa wazi na salama, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Mvumo ukikua upande mmoja na kupungua mwingine, tatizo ni bering, na hakuna shiti ya kuliponya. Raba za milango zijaribu kwa noti ya elfu moja: ifungie mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kukatalia, upepo na kelele vinapita hapo.

Mafundi wa gereji wanaongeza kwamba gari lililovalishwa sana linamziba dereva masikio, asisikie bering inapoanza kufa. Hoja hiyo ina uzito kwa anayesubiri gari limwambie lenyewe. Anayelifanyia sevisi kwa wakati na kuinua magurudumu kuyatikisa hapotezi kitu.

Upande wa fundi muziki nao usibezwe. Gari dogo limetengenezwa liwe jepesi na la bei nafuu, na ukifungua mlango wake mara nyingi utakuta bati la nje liko tupu au lina kipande kimoja kidogo cha kiwandani. Ligonge kwa kifundo cha kidole: linalia "ngaa" na kubaki likilia. Bandika kipande katikati, ugonge tena: "dup", basi. Tofauti hiyo haihitaji kipimo. Tena kwa safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, muungurumo wa kutwa nzima unamchosha dereva kuliko anavyodhani. Na spika za mlangoni zinapata besi safi, kwa kuwa mlango umeacha kulia pamoja nazo.

Tunapoachana naye ni kwenye kiasi. Bati linatikisika zaidi katikati. Pembeni limeshikwa na mikunjo na weldi. Mpiga ngoma anazima mlio kwa kiganja kimoja juu ya ngozi, hahitaji kuifunika yote. Ukifunika kati ya robo na theluthi ya kila bati pana, ukianzia katikati, umepata sehemu kubwa ya faida. Kinachozidi hapo kinaongeza gharama na kilo. Shiti nzuri ya milimita 2 ina uzito wa karibu kilo 3 kwa mita ya mraba. Gari dogo likivalishwa lote, paa likiwemo, linameza takriban mita za mraba 8, yaani kilo 24. Ukiweka na tabaka zito la kuzuia sauti sakafuni, lenye karibu kilo 5 kwa mita ya mraba, umelibebesha gari la injini ndogo uzito unaokaribia mfuko wa saruji, kila siku, kila mlima. Kwa mpango wa robo hadi theluthi, mita za mraba zisizozidi 3 zinatosha milango minne, bati la juu ya matairi ya nyuma na sakafu ya buti.

Mlango ndio sehemu yenye faida ya haraka, na ndio unaoharibiwa zaidi. Chomoa nyaya ya hasi ya betri kwanza, usubiri dakika chache, kwa sababu ya eabegi (mifuko ya hewa ya ajali). Toa skrubu, kisha banua paneli kwa kibanuo cha plastiki. Klipu zitakatika, hilo lijue mapema. Nunua kumi za akiba, maana klipu moja iliyolegea inaleta mlio mpya wa kukera kuliko ule uliokuwa unaufukuza. Nyuma ya paneli kuna nailoni iliyonatishwa kwa gundi nyeusi. Ikate gundi taratibu kwa kisu, nailoni usiichane. Ndani ya bati la nje kuna vumbi la miaka. Lifute kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, kwani butili juu ya vumbi itabanduka kuanzia kingo. Kata vipande vya sentimita 20 kwa 25 vipite kwenye matundu ya mlango. Bandika, kisha pitisha rola kwa nguvu mpaka michoro ya foili ilale. Vaa glavu: foili hiyo inakata kama wembe. Kwa joto la Mwanza la mchana huhitaji mashine ya hewa moto, isipokuwa kwenye mikunjo. Ila fanya kazi kivulini, kwani bati lililokaa juani linanasa shiti papo hapo na hutaweza kuisogeza.

Acha sentimita 5 za chini bila kitu. Maji ya mvua yanapita kati ya kioo na raba, yanashuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Ukiviziba, mlango unageuka ndoo na kutu inaanza mahali usipopaona. Nailoni ile lazima irudi mahali pake ikiwa imeziba vizuri, la sivyo masika ya kwanza karpeti italowa. Na kabla ya kufunga paneli, pandisha na kushusha kioo mara kadhaa, funga na kufungua loki, uhakikishe hakuna kipande kinachogusa.

Kuna jambo linaloharibu sifa ya kazi hii yote: vifaa vya kubahatisha. Utepe wa lami wa kuzibia mapaa unafanana na butili kwa macho, foili kwa foili, lakini gari likishinda juani unalainika, unanuka na kuteleza mpaka chini ya mlango, palepale kwenye vitundu vya maji. Kipime kabla ya kulipa. Vuta kona: butili inavutika kama jojo, lami inakatika na harufu yake utaijua. Bandika kipande kwenye bati lililosimama wima, kiache juani mchana kutwa, jioni ukitazame kama kimeshuka. Angalia na foili yenyewe. Ikiwa nyembamba kiasi cha kuchanika kwa kucha, haina nguvu ya kuukazia mpira. Sponji la godoro nalo lisiingie mlangoni kabisa: linanyonya maji, halikauki, na linashika moto upesi. Penye haja ya sponji tumia lile la vijishimo vilivyofungika, lisilonyonya maji, la milimita 5 hivi.

Sakafu ni habari nyingine, na hapa tunasimama na gereji. Toyota nyingi zimetoka kiwandani na shiti za lami zilizoyeyushwa juu ya bati la sakafu, na hizo zinafanya kazi yake. Usizibandue; gonga, uweke butili pale panapolia tu. Kabla ya hapo, ingiza mkono chini ya karpeti upande wa abiria wa mbele. Ukikuta unyevu, huenda bomba la maji ya AC limeziba, na kufunika unyevu huo kwa foili ni kuifungia kutu ndani. Kausha, tibu kutu, rudisha vizibo vya mpira vilivyopotea. Tundu moja la kizibo linapitisha mvumo kiasi cha kupunguza thamani ya tabaka zito ulilolilipia. Kama bado unataka tabaka hilo, litangulizwe sponji chini yake ili lisigusane na bati, na vipande vipishane bila pengo. Chini ya viti vya mbele usiguse nyaya za soketi ya njano. Ni za eabegi.

Mafanikio yapime kwa simu ile ile, mahali pale pale, spidi 60 kisha 80, feni imezimwa. Programu za simu si sahihi kwa namba kamili, lakini kwa kulinganisha kabla na baada zinafaa. Programu ikiruhusu, chagua kipimo cha C, kwani kile cha A kinapuuza muungurumo mzito. Punguzo la desibeli 3 sikio linalitambua kwa shida; la 10 linasikika kama kelele imekatwa nusu, na kwa butili peke yake usilitegemee. Ule mdundo wa kuvuka viungio vya daraja la Kigongo–Busisi hautapungua sana pia, kwa sababu huo ni wa matairi na shokapu.

Paa tuliache mwisho. Vipande viwili katikati ya kila nafasi kati ya mbavu vinazima vizuri mlio wa mvua, na sponji lisilonyonya maji juu yake linapunguza joto la jua. Lakini kushusha dari ya gari bila kuikunja kunahitaji watu wawili, viti vimelazwa, na kwenye magari mengine kuna eabegi za pazia pembeni. Kama dari yako imeanza kuning'inia na inashushwa kushonwa upya, fanya siku hiyo hiyo. Kama iko imara, iache.